Kiraka Katika Nyumba ya Msiba

Asubuhi ile kibao cha mtandao kilikuwa kijani mji mzima isipokuwa Ujia wa Saba. Huko nyumba ishirini na moja zilikuwa na alama nyekundu, na kila moja imeandikwa maneno yale yale: ina msiba, isiwashwe upya.

"Nyumba ishirini na moja zimefiwa siku moja," nilimwambia Nkwabi. "Kulikuwa na vita ambayo sikuisikia?"

Nkwabi ni fundi mwenzangu, mtu mzima mwenye wajukuu na subira ambayo mimi sikujaliwa. Aliendelea kunywa uji wake. "Aliyekufa ni mmoja. Mzee Maganga wa nyumba ya tisa. Hao wengine wamejiunga."

"Wamejiunga na kufiwa?"

"Wageni wamelala kwao, masufuria yako kwao. Wanasema msiba ni wa ujia mzima."

Nilijua wanachosema. Nilijua pia kwamba mwezi uliopita msiba wa ujia mzima ulikuwa Ujia wa Pili, na kuna bwana mmoja wa Ujia wa Tano ambaye mjomba wake wa Tabora ameshakufa mara tatu tangu masika. Tukitangaza kiraka leo, yaani marekebisho ya programu yanayotaka mashine izimwe na kuwashwa, kesho misiba inafumuka kila kona. Nilikuwa nimechoka nao. Nalisema hili wazi kwa sababu watu wakinisikia nikifoka kwenye ujia hudhani nilizaliwa hivyo.

Kwa asiyetujua, Mwakiluba ni mji ulio ndani ya mgodi wa zamani. Babu zetu walishuka huku mchana wa juu ulipokuwa haukaliki tena, wakashuka na kila kitu isipokuwa moto, maana moto chini ya ardhi unakula hewa ya watu. Sasa huko juu, mtu akifa, wanaume walikuwa wakikaa kuuzunguka moto nje ya nyumba ya marehemu, na moto ule hauzimwi mpaka siku ya kuanua matanga. Chini hakukuwa na moto. Kulikuwa na mashine ya hewa katika kila nyumba, na kila mashine ina taa ndogo ya rangi ya chungwa inayowaka maadamu mashine inafanya kazi. Watu wakaanza kukaa mbele ya ile taa. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Kufikia kizazi changu, taa ya mashine ndiyo moto wa msiba, na mwenye haki ya kuizima ni mrithi wa marehemu peke yake.

Idara yetu ya mtandao, kwa adabu, ikaweka kanuni kwamba nyumba yenye msiba haiwashwi upya. Kila mtu akaisifu. Halafu watu wakagundua kwamba kumbe kuna njia ya kumkwepa Mama Viraka, ambaye ni mimi, jina langu la kweli likiwa Nyanzobe.

Nilikuwa bado nakikodolea macho kibao wakati mkuu wetu, Bwana Kamugisha, alipoingia bila kubisha hodi. Hakuketi.

"Isabilo wamepoteza watu kumi na wanne," alisema. "Ujia mmoja. Walilala, hawakuamka."

Isabilo ni mgodi jirani, watu kama sisi, mashine kama zetu. Nkwabi aliweka kikombe chini.

"Ni lile tundu?" niliuliza.

"Ndilo."

Mashine zetu zote zinatumia programu endeshi ya Linux, ya zamani lakini isiyo na makuu. Kwenye Linux unaweza kubadilisha karibu kila kitu huku mashine inaendelea na kazi, mwenye nyumba asijue kama ulipita. Kiini chake, ile sehemu ya ndani inayoendesha nyingine zote, ndicho kina ukaidi. Kiraka cha kiini unakituma, kinakaa kwenye diski kimya, na mashine inaendelea kutumia kiini kile kile cha zamani kilichomo kwenye kumbukumbu yake mpaka uizime na kuiwasha. Zipo mashine zinazobandikwa kiraka cha kiini bila kuzimwa. Zetu ziliundwa kutokana na vyuma chakavu vya mgodi, haziwezi.

Na tundu lilikuwa mahali pabaya kuliko pote, pale kiini kinapopokea habari kutoka kwa majirani. Kila mashine hupima hewa ya nyumba yake na kuzitangazia nyumba za jirani, kisha feni kubwa za mgodi hufuata kile ambacho nyingi zimekubaliana. Kirusi kinachopita kwenye lile tundu hakiharibu kitu. Kinaifundisha mashine kusema hewa ni nzuri, saa zote, hata kama watu ndani wanahema. Kisha kinahamia kwa jirani. Ujia mzima ukisema hewa ni nzuri, feni zinapunguza mwendo.

"Ujia wa Saba uzimwe kwa mbali, sasa hivi," alisema Kamugisha. "Ufunguo mkuu unao. Kazi ya kubonyeza tu."

"Ni nyumba ya msiba, bwana. Mzee Maganga amefariki kweli."

"Na hao ishirini?"

"Hao ni waongo."

"Basi unahurumia waongo ishirini na mfu mmoja."

Lilinichoma, kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Lakini kubonyeza kitufe nikiwa nimeketi ofisini, nikazima moto wa msiba mbele ya wajane na wakwe bila hata kugonga mlango, sikuweza. Nilimwambia aniachie mpaka jioni. Alisema ataziendesha feni za upande ule kwa mkono mpaka jioni, zaidi ya hapo nyingine zitaelemewa, na ikifika jioni atabonyeza mwenyewe.

*

Ujia wa Saba ulikuwa umejaa. Mikeka ilitandikwa ukutani hadi ukutani, wanawake wanachambua mchele, wanaume wamekaa kwa mafungu wakizungumza bei ya betri. Bwana mmoja, Shigela, alisimama mlangoni kwake akiwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Mama Viraka," alisema. "Umekuja kutupa pole au kutuzima?"

"Wewe nani amekufa kwako, Shigela?"

"Jirani yangu si mtu?"

"Jirani yako ni mtu. Ninauliza mashine yako imefiwa na nani."

Watu walicheka kidogo, naye akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kiraka cha mwisho ulisema ni cha dharura. Tukazima. Nyumba ikawa tanuri siku mbili, mtoto akaota vipele. Kabla ya hapo ukasema ni cha dharura, taa za ujia zikagoma. Kila siku dharura. Sasa na sisi tuna dharura zetu."

Alikuwa anasema kweli, na hilo liliniudhi kuliko maneno yenyewe. Viraka vile viliandikwa mbali, na watu ambao hawajawahi kulala mgodini, vikaletwa kwetu tuvibandike na kutukanwa. Mtu akiona nyumba yake imeharibika hamwoni aliyeandika. Ananiona mimi na begi langu.

Nyumba ya tisa ilikuwa na watu wapatao arobaini katika vyumba viwili. Mjane, Mama Luhende, alikuwa ameketi mkekani miguu imenyooshwa, khanga imefungwa kichwani, ameikabili mashine iliyotundikwa ukutani na taa yake ndogo.

"Shikamoo, mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Keti, wakuletee chai."

Niliketi. Nilitazama kioo cha mashine juu ya ile taa. Kilisema mia sita na ishirini, yaani hewa nzuri kabisa, maana tarakimu hupanda hewa inapochafuka. Nikanywa chai nusu kikombe nikitazama. Mia sita na ishirini. Waliingia wageni saba, wakalia, wakakaa. Mia sita na ishirini. Nyumba yenye watu arobaini haiwezi kuwa na tarakimu inayosimama hivyo. Inapanda mtu akikohoa. Nilitoa kipimo changu cha mkononi, nikakificha ndani ya khanga, nikasoma. Kilitoa karibu mara nne.

Kwa hiyo kirusi kilikuwa kimeshafika, na kati ya nyumba ishirini na moja kilikuwa ndani ya ile yenye msiba wa kweli.

"Mama," nilisema polepole, "mashine hii inaumwa. Inasema hewa ni nzuri na si nzuri. Naomba niizime muda mfupi tu, hata chai haitapoa, kisha niiwashe."

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. "Anayezima ni mrithi, mwanangu, ni Luhende. Yuko njiani kutoka Mpanda. Unajua safari za juu, wanatembea usiku, mchana wanajificha. Kesho kutwa atafika."

"Kesho kutwa ni mbali, mama. Isabilo wamekufa watu."

"Nimesikia." Aliitazama taa. "Inasema nini hiyo mashine?"

"Inasema hewa ni nzuri. Inaongopa."

"Mwaka jana mlikuja hapa mkatuambia haiongopi. Marehemu alikataa kuiamini, alikuwa anafungua mlango kila saa. Ukamwambia mwenyewe, mzee, funga mlango, mashine inajua."

Nilimwonyesha kipimo cha mkononi. Alikishika, akakigeuza, akanirudishia.

"Kipimo chako na mashine yako vinagombana," alisema, "na vyote ni vyako."

Nilimwomba basi watu wahamie nyumba nyingine. Nyumba ya msiba haiachwi peke yake. Nilimwomba milango iachwe wazi. Ilikuwa wazi tayari. Nikamwambia jioni mkuu wangu ataizima kutoka ofisini, yeye mjane atake asitake, na hapo ndipo macho yake yalipojaa kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Miaka arobaini na mitatu nimeishi naye," alisema. "Moto wake utazimwa na mtu asiyemjua, yuko ofisini. Sawa. Nyinyi ndio wenye mashine."

Nilitoka nje nikamkuta Nkwabi ameegemea ukuta. Nilimweleza. Nilikuwa natukana, sikumbuki nilikuwa namtukana nani.

Nkwabi alisubiri nimalize. "Ile taa inakula umeme kiasi gani?" aliuliza.

"Ya nini?"

"Ni taa tu. Waya mbili. Ukiitoa kwenye mashine ukaifunga kwenye betri ndogo, itawaka wiki. Mashine unaizima, unaiwasha, taa haijui."

Nilimwelewa mara moja, na nikachukia jinsi nilivyomwelewa haraka. "Yaani nimdanganye mjane."

"Yaani asife," alisema Nkwabi. "Na moto wake usizimwe. Mimi hapo sioni aliyeumia."

Kamugisha angebonyeza, Mama Luhende angeona moto wake ukifa na angejua ni nani. Nikifanya hili, asingejua chochote, angepumua, na Luhende angefika akakuta taa inawaka. Nilijiambia nitazirudisha waya mahali pake kabla ya siku ya kuanua, na hakutakuwa na uongo tena, kutakuwa na betri iliyotumika tu. Nilijiambia pia kwamba nimemwuliza akakataa, kwa hiyo nilikuwa najua kabisa ninachofanya.

Nilirudi ndani nikasema nataka kusafisha kichujio, mashine ikiwa inawaka vivyo hivyo. Mama Luhende aliitikia kwa kichwa. Nilifungua kifuniko, mgongo wangu ukaziba wasione. Waya mbili, betri, utepe. Taa haikupepesa. Tatizo lilikuwa mlio, kwa sababu mashine ikizimwa nyumba nzima inasikia ukimya. Nikasubiri. Wanawake walipoanza wimbo na sauti zikapanda, nikazima.

Sijawahi kuona Linux ikichelewa kuamka hivyo. Kikaguzi kilipita, diski ikakwaruza, kiini kipya kikapanda. Mbele yangu taa ya chungwa iliwaka kwa utulivu juu ya mashine iliyokufa, na nyuma yangu watu arobaini wakaiimbia. Kisha feni yake ndogo ikazunguka. Kioo kikaonyesha elfu mbili mia tatu na arobaini, kikapiga mlio wa onyo, ambao feni huutii hata ukitoka nyumba moja, na baada ya kitambo nikasikia feni kubwa za mgodi zikiongeza mwendo zenyewe.

"Umemaliza kusafisha?" aliuliza Mama Luhende.

"Nimemaliza, mama."

"Na moto hukuugusa." Alinishika mkono. Kisha akainuka kwa shida, akaenda mlangoni, akapaza sauti ujia mzima ukasikia. "Msiba ni wangu. Moto wangu unawaka, unatosha. Nyinyi wengine mzimeni zenu, mumpe huyu mtoto nafasi afanye kazi yake. Shigela, anza wewe."

Shigela alianza. Nyumba ishirini zilizimwa na kuwashwa kabla ya saa kumi, bila mtu kubishana, kwa sababu ya neno la mwanamke niliyekuwa nimemdanganya. Jioni kibao kilikuwa kijani chote. Kamugisha alinipigia kunipongeza. Nilikata simu kabla hajamaliza.

*

Siku iliyofuata nilikwenda kurudisha waya. Nyumba ilijaa zaidi, na ndugu wa kiume wa marehemu walikuwa wamefika, wakakaa wakiikabili taa mabega kwa mabega. Nilisema nataka kukagua kichujio. Wakasema jana si ulikisafisha, kaa ule. Nikala. Nilikwenda tena alasiri, nikala tena. Kila nilipogusa kifuniko kulikuwa na macho mengi, na Mama Luhende alikuwa akiwaambia wageni, huyu ndiye fundi mwenye adabu, wenzake walitaka kuzima.

Luhende alifika alfajiri ya siku iliyofuata, saa nyingi mapema kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa lori lao lilipata upepo wa baridi likapitiliza hata mchana. Nilipopata habari walikuwa wameshaamua kuanua asubuhi ile ile. Nilikimbia. Nilifika nikiwa nahema, nikakuta watu wamesimama hadi nje, na Mama Luhende aliponiona akaagiza nipishwe nisimame mbele pamoja na familia.

Luhende alikuwa kijana mrefu mwenye ngozi iliyobabuka kwa safari. Alimshukuru kila mtu. Alinishukuru mimi kwa jina. Nilifungua mdomo nimwambie asubiri, na shangazi mmoja akanishika bega kunituliza, akidhani ninalia.

Akabonyeza swichi. Mlio wa mashine ukakoma. Watu waliinamisha vichwa kuungojea moto wa Mzee Maganga ulale.

Taa ilibaki inawaka.

Luhende alibonyeza tena, mara mbili, mara tatu. Mashine ilikuwa imekufa kabisa, kioo cheusi, na taa inawaka. Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti mpya, si ile ya mazoea. Shangazi aliyenishika bega alisema, "Hataki. Jamani, mzee hataki kuondoka," na neno likapita mlangoni likaenda ujia mzima. Mama Luhende alipiga magoti. "Baba Luhende," alisema, "nimekukosea nini? Sema nimekukosea nini."

Nkwabi alikuwa mlangoni. Alinitazama akatikisa kichwa, kidogo tu. Nilimwelewa. Ningenyamaza, betri ingekwisha siku moja, wangesema hatimaye mzee amekubali. Na mwanamke huyu angekaa siku zote hizo akijiuliza amemkosea nini mumewe.

"Mama," nilisema. "Ni mimi."

Hawakunisikia. Nilikwenda hadi ukutani, nikavuta kifuniko, nikatoa betri mbele yao wote, waya zikining'inia. Taa ilizimika mkononi mwangu.

Watu wa nje walisogea mlangoni kuchungulia.

"Lini?" aliuliza Mama Luhende.

"Siku ile ya kichujio. Mlipokuwa mnaimba." Nilimwonyesha betri. "Mashine ilikuwa inawaua, mama. Nilikuomba ukakataa. Ningeacha mfe?"

"Hukuniambia utafanya hivyo."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. Luhende alikuwa amenisogelea, ngumi imekunjwa, na mama yake akainua mkono mmoja, kijana akasimama. "Kwa hiyo siku zote hizi tulikuwa tunakesha mbele ya betri."

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Lakini hewa sasa ni nzuri. Kirusi kimetoka, mashine inasema kweli." Niliiwasha ili aone. Ilichukua muda wake, kioo kikaja. "Tazama. Hiyo ni kweli."

Aliitazama tarakimu. Akanitazama mimi.

"Nani kaniambia ni kweli?" aliuliza.

Alikunja mkeka wake, akauweka kwapani, akatoka, na wengine wakakunja yao. Walikwenda kukaa kwenye njia kuu karibu na feni kubwa, ambako mtu anausikia upepo kwa masikio yake mwenyewe. Kufikia mchana nyumba za Ujia wa Saba zilikuwa tupu, hata ya Shigela.

Nilirudi ofisini. Kamugisha alikuwa amesimama mbele ya kibao akitabasamu, akanionyesha Ujia wa Saba, nyumba ishirini na moja, zote za kijani.